Tulivyompita Jumaan

Shemeji yangu Huwaishil ana kambi ya wageni pale mchanga unapoanza, upande wa Bidiya, na kwa miaka sita kazi yangu kambini ilikuwa kukaa mkekani na barakoa usoni, kumimina kahawa na kuuza bangili za nyuzi. Wageni walipenda sana kunipiga picha. Madereva wakiondoka nao kwenda kupanda vilima vya mchanga, mimi nabaki nasuka bangili na kusaga meno. Na si kwamba sijui gari. Nilishika usukani nikiwa na miaka kumi na mitatu, marehemu baba akiniwekea mto mgongoni ili miguu ifike, nikipeleka maji kwa ngamia kila asubuhi. Katika madereva wanne wa Huwaishil, wawili nimewafundisha mimi namna ya kutoka wakinasa.

Msimu huu nikachoka. Nikamfuata shemeji yangu ofisini kwake, ambako ni kibanda chenye kiyoyozi kibovu, nikamwambia wazi.

"Shemeji, nataka kupeleka wageni. Gari ninalo, ngamia ninao, kibali cha kuongoza watalii kimetoka. Nini tena?"

Alicheka mpaka akaweka simu chini. "Tarfa, dada yangu, mgeni anatoka mbali kuja kukuona wewe umekaa pale. Ukishika usukani ataona dereva tu. Madereva wamejaa."

"Basi aone dereva."

"Na gari likinasa?"

"Nitalinasua kama ninavyoyanasua ya watu wako."

Hilo halikumfurahisha. Kilichomlainisha ni mke wake, yaani dada yangu, ambaye kwa siku nne mfululizo alimpakulia wali mtupu, bila samaki wala nyama, na akiulizwa anasema amesahau. Siku ya tano Huwaishil akanijia mwenyewe mkekani.

"Safari moja. Jumatatu. Mgeni akirudi na neno moja la lawama, moja tu, unarudi hapa, na maneno haya nisiyasikie tena mpaka naingia kaburini."

"Na wasipolalamika?"

"Wageni wote hulalamika," akasema, akaenda zake.

Jumatatu ilipofika Huwaishil mwenyewe hakuwepo. Mpishi alisema ametoka tangu alfajiri na hakusema anakwenda wapi. Nikaona afadhali, maana sikutaka anisimamie kama ngamia mgonjwa. Wageni wangu walikuwa watu wa Muscat, mke na mume. Mke ni Mwalimu Raya, mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, amenyooka, na mkononi ana daftari dogo la jalada jeusi. Mumewe ni Daktari Yaqub, wa meno, mnene wa wastani, mpole, na tangu gari halijaondoka alikuwa ameshika mfuko wa plastiki.

"Wa nini huo, Daktari?" nikamwuliza.

"Tahadhari," akasema.

"Anatapika hata kwenye lifti," mkewe akaeleza, akafungua daftari, akaandika kitu. Nikaiona kalamu inatembea. Nikajua neno la lawama litatoka mle.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nitawapeleka kwa gari kupitia vilima mpaka kwenye miti mitano ya ghafu, mwendo wa saa moja na nusu. Pale mchungaji wangu Karim Bakhsh, Mbaluchi ambaye yuko nami mwaka wa tisa sasa, atakuwa anatusubiri na majike yangu matatu yametandikwa. Wageni watapanda ngamia, tutazunguka kilima kikubwa, watalitazama jua likizama, kisha turudi kambini. Nimeshawaona madereva wakifanya hivyo mara mia. Tofauti ni kwamba wao hukodi ngamia, na mimi ngamia ni wangu.

Nikashuka kupunguza upepo wa matairi. Mwalimu Raya akatoa kichwa dirishani.

"Tumelipa gari zima, wewe unalitoa upepo?"

"Umeona mguu wa ngamia, Mwalimu? Mpana, laini. Tairi gumu linachimba, tairi laini linakanyaga."

"Hilo ungelisema kabla ya kulitoa," akasema, na kalamu ikatembea tena.

Basi nikaingia na hasira kidogo, na hapo ndipo nilipoanza kukosea. Nikaendesha kama wanavyoendesha wale vijana wa Huwaishil, mbio, kupanda kilima kwa kishindo na kukishuka kwa ubavu, kwa sababu nilidhani hicho ndicho wageni wanacholipia. Daktari alifungua mfuko wake kilima cha pili. Mwalimu Raya alishika mpini wa juu ya mlango, hakusema neno. Nami nikaona kimya chake ni dharau, nikazidisha.

Nusu ya njia yuko Jumaan. Ni binamu wa marehemu baba, mtu wa miaka hamsini na kitu, anaishi na mbuzi wake na ngamia wachache kwenye kibanda cha makuti, na anajulikana mchanga wote kwa mdomo wake. Ukimwuliza Jumaan kama mvua imenyesha Jaalan, atakwambia imenyesha, na imemnyeshea nani, na huyo aliyenyeshewa alikuwa anatoka kuposa wapi, na kwa nini walimkatalia. Siku hiyo alikuwa amesimama katikati ya njia, dele la kahawa mkononi. Nikapunguza mwendo, nikashusha kioo, injini sikuizima.

"Salamu alaikum, ami Jumaan. Habari za huku?"

"Njema, alhamdulillahi. Hakuna habari. Za kwenu?"

"Njema. Hakuna."

"Shuka unywe kahawa, mama Hilal."

"Nina wageni, ami."

"Wageni nao wana midomo. Shukeni mnywe kahawa."

"Tukirudi, inshallah."

Akaweka mkono juu ya mlango wa gari. "Kahawa imeiva, binti Musallam. Shuka."

Sasa, sisi watu wa mchanga tuna desturi yetu, na hata mtoto anaijua. Mtu hatoi habari amesimama. Hata kama nyumba yake imeungua jana, ukimwuliza njiani atakwambia hakuna habari, njema tu. Kwanza mkae, mnywe kahawa, mle tende, halafu unauliza mara ya pili, na hapo ndipo anakwambia kuwa nyumba imeungua. Na mtu akikukaribisha mara tatu, mara ya mwisho akakuita kwa jina la baba yako, hakukaribishi kwa ajili ya kahawa. Ana kitu tumboni.

Nililijua hilo vizuri kuliko ninavyojua jina langu. Lakini Mwalimu Raya alikuwa anatazama saa yake, na mimi nikajiambia kwamba huyu ni Jumaan, ana hadithi ya harusi ya mtu. Nikacheka, nikamwambia, "Tutakuja, ami, tutakuja," nikakanyaga mafuta. Kwenye kioo nilimwona bado amesimama na dele lake.

Tulipofika kwenye miti ya ghafu hapakuwa na ngamia hata mmoja. Wala Karim Bakhsh. Simu huku hazishiki, kwa hiyo sikuwa na wa kumpigia.

"Hapa ndipo?" Mwalimu Raya akauliza.

"Ndipo."

"Ngamia wako wapi?"

"Wanakuja," nikasema, na nilijua nasema uongo.

Daktari Yaqub alikuwa ameshashuka na mfuko wake, akaenda nyuma ya mti wa mwisho kutafuta heshima yake. Mimi nikatazama chini. Nyayo za majike yangu zilikuwa pale, zimefika kwenye miti, halafu zimegeuka ghafla kuelekea mashariki, hatua ndefu, hatua za mnyama anayevutwa kwa haraka. Na juu yake kulikuwa na wayo mwingine, mkubwa kama sinia. Ningetazama kabla ya kuzima gari ningeyaona hayo yote. Nikasikia sauti, kama maji yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa.

"Daktari!" nikapiga kelele. "Rudi garini! Sasa hivi!"

"Dakika moja tu..."

"Hakuna dakika!"

Dume la ngamia likatokea nyuma ya kilima, akitembea polepole, shingo ameirudisha nyuma, povu jeupe limemjaa mdomoni, na ule mfuko mwekundu wa koo unaning'inia pembeni kama ulimi wa pili. Ni majira yao ya baridi, majira ya kutaka majike, na dume akiwa hivyo hamjui hata aliyemlisha. Huyu nilimjua mara moja kwa alama ya moto shavuni. Alikuwa Dhabyani, dume la Huwaishil, ambaye shemeji yangu humsifu kila mkutano wa watu kwamba anamtii kama mtoto wa shule.

Daktari, ambaye sikudhani anaweza kukimbia, alikimbia. Viatu aliviacha. Akaingia mlango wa nyuma kwa kichwa, miguu ikabaki nje, mkewe akamvuta kwa mkanda wa suruali. Nikawasha gari, nikarudi nyuma kwa papara, na tairi la nyuma likachimba. Nikakanyaga tena, likazama zaidi. Mimi, Tarfa binti Musallam, mwalimu wa madereva, nimenasa mahali ambapo hata mbuzi hanasi. Niliona aibu kiasi cha kusahau hofu, kwa muda mfupi.

Dhabyani akaja akaegemeza kifua chake kwenye mlango wangu, gari likainama. Povu likapaka kioo chote.

"Anataka nini?" Mwalimu Raya akauliza, sauti yake imekuwa ndogo.

"Anataka kukalia mtu. Shika kiti."

Nikavua abaya yangu palepale, nikabaki na gauni na shela, nikateremsha kioo kiasi cha kupitisha mkono, nikaitupa mbali kadiri nilivyoweza. Ilikuwa imejaa harufu yangu na ya majike yangu. Dume akaigeukia, akainusa, akapiga magoti juu yake na kuanza kuisaga kwa kifua, anaguna, anaisaga, kama mtu anayekanda unga kwa hasira. Nami nikafungua mlango wa upande wa pili, nikalala kifudifudi, nikaondoa mchanga kwa mikono mbele ya matairi, nikayatoa upepo zaidi mpaka yakalala. Nikarudi ndani, nikaweka gia ya chini, taratibu, kama vile nilivyofundishwa na baba na kama nilivyotakiwa kuendesha tangu asubuhi. Gari likatoka bila hata kunguruma.

Tukavuka vilima viwili. Kisha nikasimamisha gari.

"Nimekosea," nikawaambia. "Yule mzee wa dele alikuwa na habari hii. Alinikaribisha mara tatu nikampita. Nilitaka mwone kwamba mimi ni mwepesi kama madereva wa kiume. Ngamia wangu sijui waliko, na njia ya kujua ni moja, turudi kwake tukae chini. Kama mnataka niwarudishe kambini, nitawarudisha, na mnaweza kusema lolote."

Mwalimu Raya akanitazama. Akatoa daftari. Akaandika, mistari mitatu au minne, mbele ya macho yangu.

"Mimi nataka kahawa," Daktari Yaqub akasema kutoka nyuma. "Na viatu."

Jumaan alikuwa palepale, ila sasa amekaa, na mkeka ameutandika, na vikombe vinne vimepangwa juu ya sinia. Hakunisema. Hakunitupia hata jicho la kunicheka, na hilo liliniuma kuliko angenitukana. Aliniona sina abaya, akaingia kibandani, akatoka na shuka la sufu la marehemu mkewe, akanipa. Kisha akawamiminia wageni.

Tukanywa, tukala tende. Nikauliza mara ya pili, kama inavyotakiwa. "Eh, ami Jumaan. Habari za huku?"

"Ah, habari," akasema, akakunja miguu vizuri, na nikajua tumekwisha. Jumaan huanza na habari ndogo.

Alianza na mvua ya Jaalan. Kisha majani makavu ya mifugo yamepanda bei. Kisha harusi ya mtoto wa Matar, ambapo bwana harusi alisinzia kwenye kiti mbele ya watu mia tatu, na baba wa bibi harusi akadai kuwa ni dalili mbaya, na mama wa bwana harusi akajibu kuwa ni dalili ya mtu asiye na deni la kumnyima usingizi.

"Akaamshwaje?" Mwalimu Raya akauliza.

"Hakuamshwa! Walimbeba na kiti chake."

Mwalimu Raya akacheka. Sikujua kama ana meno. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akauliza jina la bibi harusi, akauliza sasa wanaishi vipi, na Jumaan, ambaye miaka yote hii tunamkimbia, alichanua kama mtu aliyepewa mgeni wa kwanza maishani mwake. Alipofunua mdomo kucheka, Daktari Yaqub akasogea.

"Hilo gego la nyuma linakuuma tangu lini?"

"Umejuaje?"

"Unatafunia upande mmoja. Fungua."

Nikakaa pale, roho juu, ngamia wangu watatu hawajulikani waliko, shemeji yangu anangoja neno moja tu, na mtu pekee mwenye habari amefunguliwa mdomo na daktari anayemmulika kwa tochi ya simu. Nilitaka kulia. Halafu, sijui kwa nini, nikaanza kucheka na mimi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo wageni wangu hawakuwa wanatazama saa. Daktari rangi ya uso ilikuwa imerudi. Nikamimina kahawa nyingine.

Habari yenyewe ilikuja mwisho, baada ya gego. Karim Bakhsh alipita alfajiri akimtafuta mtu wa kunipa ujumbe. Dume la Huwaishil limekata kamba, siku ya pili hii, na linazunguka miti ya ghafu, kwa hiyo majike ameyahamishia nyuma ya kilima cha mashariki, upande usiofikiwa na upepo, dume lisije likanusa.

"Ameniachia maneno hayo nikupe wewe," Jumaan akasema. "Nikayashika."

"Na Huwaishil, anajua alipo dume lake?"

Jumaan akatazama ndani ya kikombe chake. "Alipita saa mbili asubuhi. Kashusha kioo. Habari za huku? Nikamwambia njema, hakuna, shuka unywe kahawa. Mara tatu."

"Hakuuliza dume?"

"Aniulize mimi? Ili jioni Bidiya nzima wajue kwamba mtoto wake wa shule katoroka?"

Karim Bakhsh tulimkuta palepale tulipoambiwa, na majike yametandikwa, anawatoa kupe. Wageni wakapanda. Sikuharakisha mtu. Mbele nilitembea mimi kwa miguu nimeshika hatamu, nyuma Mwalimu Raya, nyuma yake Daktari, peku, juu ya Umm Rish, jike langu pole kuliko yote. Ajabu ni kwamba juu ya ngamia hakutapika. Alisema mwendo wake unaeleweka. Mwalimu Raya aliniuliza alama za mchangani, huu wayo wa nani, huu wa nani, nikamwonyesha mbweha, nikamwonyesha mende, nikamwonyesha Umm Rish mwenyewe alipopita juzi akichechemea kidogo mguu wa kushoto. Aliandika yote. Alipotaka kushuka ili aguse nyayo kwa mkono, nilimlaza ngamia chini tukakaa hapo mpaka aliporidhika. Nilikuwa na furaha, lazima niseme. Nilisahau kabisa kwamba nahukumiwa.

Nikakumbuka tuliporudi garini. Tulikuwa tumewasha moto wa kahawa, jua bado liko juu ya kilima kiasi cha mkono, ndipo gari la Huwaishil likatokea. Bila shaka aliona bendera ya gari langu, kwa sababu ni ndefu kwa ajili hiyo. Akasimama, akashusha kioo, injini inanguruma. Uso wake ulikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na macho mekundu.

"Habari za huku?" akauliza.

"Njema, alhamdulillahi. Hakuna habari."

"Abaya yako iko wapi?"

"Shuka unywe kahawa, shemeji."

"Sina nafasi. Wageni, mko salama? Mmeridhika?"

"Wameridhika au hawakuridhika, shuka unywe kahawa."

Mkono wake ulikuwa kwenye gia. Ningeweza kumwacha aende, na nakiri kuna sehemu ya roho yangu ilitaka. Angezunguka mpaka kiza, na kesho tena, na mimi ningekaa na siri yangu nikiifurahia.

"Huwaishil mwana wa Hamad," nikasema. "Shuka."

Akanitazama. Injini ikazima. Akashuka, akakaa kwa shida, magoti yake yanalia, akapokea kikombe.

Nilimwacha anywe vikombe viwili. Kisha, kabla hajauliza, nikasema yangu kwanza. Nikamwambia nilimpita Jumaan, nikawapeleka wageni mikononi mwa dume, nikanasa, daktari amepoteza viatu. Sikupunguza. Kila neno alitikisa kichwa, na kufikia mwisho alishakaa vizuri zaidi.

"Nilisema," akasema. "Mwalimu, samahani sana. Una lawama yoyote? Niambie bila kuogopa."

Mwalimu Raya akafungua daftari lake, akatafuta ukurasa. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na mbili, na nadhani hajui namna ya kusema uongo.

"Ninayo moja," akasema, akasoma. "Saa ya kwanza tulibebwa kama mizigo."

Neno moja tu, Huwaishil alikuwa amesema. Hilo hapo.

"Basi, Tarfa," Huwaishil akasema, wala si kwa ubaya. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," nikasema. Nikammiminia kikombe cha tatu, kwa sababu habari ilikuwa bado na haikuwa haki kumnyima mtu habari yake eti kwa kuwa ameniuma. "Dume lako liko kwenye miti ya ghafu. Lilikuwepo adhuhuri na halitoki, linasubiri majike yangu. Jumaan alijua tangu alfajiri. Alikungoja umwulize."

Huwaishil akaweka kikombe chini.

"Nilipita kwake asubuhi," akasema.

"Najua."

"Alinikaribisha."

"Mara tatu. Najua."

Daktari Yaqub akakohoa. Mwalimu Raya alikuwa anamtazama Huwaishil kama anavyotazamwa mtoto aliyeandika jibu lilelile la jirani yake.

"Bwana," akasema, "umeniuliza lawama, nikakupa. Sifa hukuniuliza. Zimejaa kurasa saba."

Huwaishil akainuka, akaelekea garini kwake, akafungua mlango, akasimama. "Sina mafuta ya kufika kwenye ghafu na kurudi," akasema akiwa ametupa mgongo. "Nimezunguka tangu alfajiri."

"Kamba unayo?"

"Ninayo."

"Panda langu."

Akaja upande wa mbele. Mwalimu Raya alikuwa ameshakaa pale, mkanda ameufunga, daftari mapajani.

"Hiki kiti kina mwenyewe," akamwambia. "Na mimi sibaki hapa nikasimuliwa."

Kwa hiyo shemeji yangu, mwenye kambi na magari manne, alipanda nyuma na kamba yake, akabanana na Daktari Yaqub, ambaye alimpa mfuko mmoja wa plastiki na kumwambia kwa upole kwamba akianza kujisikia vibaya aseme mapema. Hakuwa amekaa kiti cha nyuma tangu alipokuwa mdogo. Niliona kwenye kioo anatafuta pa kushika.

Nilikwenda taratibu. Nilikiendea kilima kikubwa kwa upande wake mgumu, ule ambao upepo umeupigapiga, nikakipanda bila kukurupuka, gari likitambaa mpaka juu kabisa, na pale juu nikalisimamisha ili nisome mteremko kabla ya kushuka. Chini, mbali, miti mitano, na chini yake doa jeusi linazunguka. Jua lilikuwa linagusa mchanga.

"Alhamisi kuna wageni sita," Huwaishil akasema nyuma yangu. "Wawili ni watoto."

Nikaushika usukani kwa mikono miwili. "Anawapeleka nani?"

"Kwani anayeendesha hapa ni nani?" akasema. "Teremka, Tarfa, kabla hakujawa giza."

Nikaweka gia ya chini, tukateremka.